Jina la Jiko la Ilembeka

Hapo zamani, na sisemi zamani za fisi na sungura, nasema zamani za juzi tu, simu zilipokwisha kuwa na makundi na makundi yakawa na kelele, palikuwa na shule ya wasichana huko kwenye baridi ya Njombe. Iliitwa Ilembeka. Sogeeni mnisikie vizuri, maana mwisho wa habari hii mimi nitanyamaza, na ninyi ndio mtakaosema.

Mkuu wa jiko la Ilembeka alikuwa Mama Lutego. Wasichana mia sita walikunywa uji wake asubuhi, wakala ugali wake mchana, wakala maharage yake jioni. Alipika kwa kuni za miti ya miwati, juu ya mafiga, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Moshi ulikuwa mzito hata mtu akiingia humo alimsikia mama huyo kabla hajamwona. Alipika hivyo miaka ishirini na sita. Msichana mwenye homa alipelekewa uji wenye ndimu. Msichana aliyefiwa aliitwa akae karibu na moto, akapewa maharage ya kuchambua ili mikono yake iwe na kazi. Walimpenda, wakamaliza shule, wakaenda zao.

Waliosoma pamoja na kumaliza mwaka 2001 walikuja kufungua kundi kwenye simu. Mle ndani palikuwa na pole, palikuwa na hongera, palikuwa na picha za maua kila asubuhi na michango ya harusi. Miaka ikapita hivyo.

Sasa, mmoja wao, Enelisia Kyando, alikuwa muuguzi. Siku moja wodini kwake akaletwa mwanamke mzee mwenye kikohozi kibaya, kifua kinalia kama mlango uliokosa mafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umewahi kuvuta sigara, mama?"

Yule mama akapumzika kidogo ili apate pumzi ya kujibu. "Sigara sijavuta. Nimevuta maharage ya watoto wa watu, miaka ishirini na sita."

Enelisia akaweka chini kalamu. Akamtazama. "Mama Lutego?"

"Na wewe ni yule aliyekuwa anakuja kuniomba ukoko," akasema Mama Lutego. "Umenenepa. Vizuri."

Daktari alisema mapafu yale hayatarudi kama zamani. Ataishi, akikaa mbali na moshi. Mama Lutego hakuwa na mtu nyumbani, kwa hiyo alipotoka wodini Enelisia akamchukua kwake. Lakini jambo moja lilikuwa linamsumbua. Siku yake ya mapumziko akapanda gari mpaka Ilembeka, akaenda moja kwa moja jikoni. Akakuta wapishi watatu wapya. Mdogo wao alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa anakohoa. Kikohozi kile Enelisia alikijua.

Akasimama pale pale mlangoni akaandika kwenye kundi: "Dada zangu, Mama Lutego yuko kwangu. Kifua chake kimekwisha kwa moshi wa chakula chetu. Leo nimefika Ilembeka. Moshi ni ule ule, waliobadilika ni wapishi."

 Kisha pole zikaja nyingi, kisha khanga mbili na kikapu cha matunda. Enelisia akaandika tena: "Khanga zimefika, asanteni. Moshi bado upo."

Hapo akajibu Zamda Shemhilu. Huyu alikuwa dada mkuu wao shuleni, na sasa alikuwa na cheo kikubwa katika kampuni moja Dar es Salaam. Akauliza, "Nani kati yetu anaweza kuunda jiko?"

Mmoja akasema, "Atuganile ana karakana Mbeya, anachomelea mageti." Mwingine akasema, "Atuganile hakumaliza, ndiyo maana hayumo humu."

Ni kweli, Atuganile Mwakalobo hakumaliza. Aliondoka kidato cha tatu akiwa mjamzito, na siku hizo aliyeondoka hivyo hakurudi. Ufundi alifundishwa na mjomba wake. Tangu aondoke, karibu miaka ishirini, hakuna mwenzake aliyempigia simu.

Zamda akaandika, "Alikula kwa Mama Lutego miaka mitatu. Muingizeni."

Wakamuingiza. Atuganile akasoma yote yaliyoandikwa, hakusalimia, hakulaumu. Aliandika neno moja tu: "Nipeni vipimo vya sufuria."

Akaunda jiko la kwanza. Likapasuka siku ya tatu. Akaunda la pili, na katika kuliunda chuma cha moto kikamwangukia mkono wa kushoto, vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Lakini jiko lilikuwa zuri. Lilikula kuni chache, na moshi wake wote ulipanda kwenye bomba ukaenda zake juu ya paa. Akalipeleka Ilembeka akarudi Mbeya anaimba.

Wiki mbili baadaye akaenda kulitazama. Akakuta sufuria ziko juu ya mafiga, na ndani ya jiko lake kuku ametaga.

"Jiko lina kasoro gani?" akawauliza wapishi.

"Halina kasoro, dada. Ni zuri."

"Mbona hamlitumii?"

"Ni zuri sana, dada," wakasema, wakatazama chini.

Atuganile akampigia Enelisia. "Nimechoka. Nina mageti manane ya watu yananisubiri. Mwambie mama nilijaribu."

Mama Lutego aliposikia, akafunga khanga. Akasema, "Nipelekeni." Enelisia akakataa. Mama Lutego akasema, "Basi nitatembea." Akapelekwa.

Alipofika akaliendea jiko. Akatoa kuku, akaweka sufuria tupu juu ya jiko, akampa Atuganile mwiko mrefu kama mchi. "Songa."

"Nisonge nini, mama? Sufuria tupu."

"Songa hewa."

Atuganile akasonga. Mara ya tatu mguu ukateleza, akashika ukuta.

"Umeona?" akasema Mama Lutego. "Ugali wa watu mia sita hausongwi kwa mikono, mwanangu. Unasongwa kwa kiuno, na kiuno kinasimama juu ya mguu. Kwenye mafiga tunakanyaga jiwe. Wewe umetuletea jiko, hukutuletea pa kukanyaga. Halafu liko juu, sufuria inatufika kifuani. Hawa wanakuonea haya, umeunguza mkono kwa ajili yao."

Atuganile akakaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Kisha akatoa futi mfukoni akaanza kupima mguu wa Mama Lutego.

Jiko la tatu likawa fupi kwa shibiri mbili, likawa na kikanyagio cha tofali mbele yake. Ila wapishi walikuwa bado wanaliogopa, maana lilikuwa na namna yake ya kulishwa kuni. Mama Lutego akakaa nao siku tisa akiwafundisha, na katika siku hizo tisa sufuria ya maharage ilikuwa bado iko juu ya mafiga kando yao, inatoa moshi. Alijua. Siku ya kumi wapishi walipika kila kitu kwenye jiko jipya. Siku ya kumi na moja Mama Lutego akarudishwa wodini, akakaa huko wiki tatu, na siku mbili kati ya hizo Enelisia hakujua kama atatoka.

Akatoka. Dawa akapewa na Enelisia, maji ya kuoga akatengewa na Enelisia, na maneno pia alipewa, maana Enelisia alikuwa amekasirika. Mama Lutego akawa anasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo, mwanangu," huku anatabasamu.

Jiko moja likawa limesimama. Kwenye kundi wengine wakasema, tuchange, tutoe majiko ya sadaka kwa shule mbili tatu. Zamda akawajibu, "Sadaka itajenga majiko matatu. Tutapiga picha, tutachoka. Wapishi wa shule nyingine watakohoa kama kawaida. Mimi nataka kampuni."

Akaanza kutembea. Akawatafuta wasichana wa Ilembeka wa miaka yote. Mmoja alikuwa mkuu wa shule Songea, akanunua jiko la kwanza. Mmoja alikuwa mwanasheria, akaandika karatasi za kampuni. Mmoja alikuwa na lori, akabeba matofali. Zamda akaweka masharti mawili. La kwanza, watakaokwenda kufundisha namna ya kutumia jiko wawe wapishi walioacha kazi kwa sababu ya kifua. La pili, shule nne zikinunua, ya tano isiyo na uwezo ipate jiko lile lile, si la hali ya chini.

Mabosi wake wakamwambia, "Chagua, sisi au majiko." Akachagua. Nyumba ya kampuni ikarudi kwa wenyewe, na gari likarudi. Mwaka mzima Zamda akalala kwenye kochi la Atuganile huko Mbeya. Miezi saba ya mwanzo hawakupata shule ya pili. Atuganile akamwambia, "Dada, rudi kwako, hakuna atakayekucheka." Zamda akasema, "Sogea kidogo, nilale." Mwezi wa nane zikaja shule tatu kwa mpigo, na baada ya hapo hazikukatika. Leo ni shule arobaini na tatu. Wapishi kumi na wawili waliokuwa wamekaa nyumbani na vifua vyao sasa wana kazi, tena wanaitwa walimu.

Basi Ilembeka ikajenga jiko jipya kabisa, lenye madirisha manane na majiko sita ya Atuganile. Na pale Ilembeka kuna desturi: kila jengo lina jina la mtu, na jina ni moja.

Siku ya kulifungua wakaja wasichana wa zamani, wengine wana mvi. Mkuu wa shule, Mwalimu Mbembati, akasimama mbele yao. "Nimeletewa majina manne," akasema. "Majina manne juu ya mlango ni orodha ya mahudhurio. Nataka moja. Na wenyewe wapo, waseme. Hapa hakuna wa kuona haya, tumekula sufuria moja."

Akasema Enelisia. "Mimi sikuunda kitu na sikuuza kitu. Lakini wagonjwa wa kifua wamepita mikononi mwa wengi, wakapewa dawa wakarudi motoni. Mimi ndiye niliyefuata moshi mpaka ulikotoka. Na huyu mama mnayemwona amekaa hapa, yupo kwa sababu niliamka kila alipokohoa. Bila mimi kuona, nyote mngekuwa bado mnatumiana maua."

Akasema Atuganile. "Katika shule hii jina langu halipo popote. Kwenye cheti halipo, kwenye picha ya kumaliza halipo. Uchungu wa moshi mliujua nyote mkisoma hapa, wala haukuondoka mpaka mtu alipounda jiko. Nimeunda mara tatu. Vidole viwili nimeviacha humo. Nikisema sitaki jina, nitakuwa nawadanganya."

Akasema Zamda. "Atu nimekula kwake mwaka mzima, sina la kumpinga. Ila jiko lake lilikuwa moja, na lingebaki moja. Nilipoacha kazi hakuna aliyejua kama litauzwa hata lingine. Kama jina ni la jiko moja, mpeni yeye. Kama ni la shule arobaini na tatu, na la hawa kumi na wawili mnaowaita walimu, mimi ndiye niliyetembea."

Watu wakapiga makofi kwa kila mmoja. Mama Lutego akainuka polepole, akashika bega la Enelisia.

"Mimi sikusoma hapa," akasema. "Hata kusoma kwenyewe ninasoma kwa shida. Lakini ninyi mlikaa hapa miaka minne, mimi ishirini na sita. Jiko lile lilikuwa kiota cha kuku mpaka nilipoliwekea mguu. Siku tisa nilikaa kwenye moshi nikijua utanifanya nini, maana yule mdogo aliyekuwa anakohoa ana mtoto. Ninyi mmetoa kazi, na vidole, na usingizi. Sina la kuwashinda. Nasema tu kwamba ningefurahi kuliona jina langu. Hilo naweza kulisoma."

Hakuna aliyepiga makofi. Wengi walikuwa wanajifuta macho. Mzee mmoja wa bodi akakohoa kidogo akasema kwa upole kwamba majengo yote ya Ilembeka yana majina ya waliosoma Ilembeka, na kwamba desturi ikivunjwa leo, kesho itavunjwa na mwenye nia mbaya. Mwanamke mmoja nyuma akasema, basi na Atuganile ni nusu, maana hakumaliza. Mwingine akasema, aliyewatoa wasichana wajawazito wasirudi shuleni ndiye nusu. Maneno yakawa mengi.

Na wale wanne? Walikuwa wameketi kwenye benchi moja, wanakula sahani moja. Atuganile anamchambulia Mama Lutego nyama laini, Zamda anamdai Enelisia pilipili. Jina hilo angepewa yeyote kati yao, wasingegombana. Lakini kila mmoja alilitaka.

Nje, fundi rangi alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi. Alikwisha kuandika JIKO LA, akaacha nafasi. Rangi ilikuwa inaanza kukauka kwenye kopo. Akachungulia dirishani, akauliza, "Mwalimu, niandike nani?"

Mwalimu Mbembati akawageukia watu.

Nami nawageukia ninyi. Aliyeona, aliyeunda, aliyetembea, au aliyeweka mguu. Semeni, fundi anasubiri: je, jina lilimstahili nani?