Ajira Iliyokwama Kwenye Lifti

Hapo zamani, si zile za sungura kuongea, zamani hizi za juzi tu, serikali ilikaa ikafikiri, ikasema: vijana wetu wa vyuo wanajua vitabu, kazi hawajui. Tuwapeleke kwa matajiri wakafundishwe, posho tutalipa sisi. Matajiri wakaruka kwa furaha. Nani anakataa mtu wa bure?

Mmoja wao alikuwa Bosi Kyando wa Mbeya, mwenye kampuni ya kufunga na kutengeneza lifti. Akapewa vijana watatu, na kweli akawafundisha! Atuganile akafundishwa kuchemsha chai. Lukelo akafundishwa kuosha gari la bosi. Gwamaka akafundishwa kupanga foleni benki. Kuhusu lifti yenyewe wakafundishwa neno moja: "Msiguse!"

Shida ni kwamba Atuganile alishajitangaza nyumbani. Huko Rungwe mama yake alimwita injinia mbele za watu, sokoni, kanisani, mpaka misibani. Binti hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba uinjinia wenyewe ni wa birika. Aliomba kitu kimoja tu: mafunzo yakiisha bosi amwajiri, ule uongo ugeuke kweli.

Siku ya mwisho akaja afisa wa serikali kukagua, Mama Chengula, mwanamke wa miwani na maneno machache. Bosi akampokea kwa adabu ambayo hata mama mkwe wake hajawahi kuionja.

"Karibu mheshimiwa, tupande juu ukaone vijana wanavyoiva."

Wakaingia wawili kwenye lifti, vijana wakiwangoja ghorofa ya juu. Lifti ikapanda kidogo, ikakohoa, ikagoma katikati ya ghorofa mbili. Lifti ya mwenye lifti, jamani! Na fundi mkuu yuko wapi? Bosi kamtuma akamfungie shemeji yake dishi la televisheni.

"Nyie watoto!" Bosi akapiga kelele kutoka ndani. "Fanyeni kitu!"

"Tufanye nini, bosi? Si ulisema tusiguse?"

"Guseni! Atakayenitoa humu namwajiri leo hii!"

"Nimesikia," ikasema sauti ya Mama Chengula, taratibu kabisa.

Atuganile akasogea mbele. Swali la kumtoa mtu kwenye lifti iliyokwama alishalijibu chuoni kwenye mtihani, kwa mwandiko mzuri, bila kuwahi kuiona mashine ya lifti.

"Umeme uzimwe kwanza," akasema. "Halafu mtu apande chumba cha mashine kule paani, aachie breki, azungushe gurudumu kwa mkono polepole, mpaka lifti ifike usawa wa mlango. Mlango unafunguliwa kwa ufunguo wake maalumu."

"Haya dada injinia, panda," akasema Lukelo.

Atuganile akaitazama ngazi ya chuma iendayo paani. Akarudi nyuma. "Mimi naogopa juu."

Injinia wa lifti anaogopa juu! Tuendelee.

Umeme ukazimwa, lifti ikawa giza, bosi akapiga yowe. Lukelo akapanda mwenyewe, akaachia breki, akazungusha gurudumu. Upande gani? Hakujua, kazungusha tu. Lifti ikaanza kushuka, na bosi akaanza kutubu dhambi ambazo hakuna aliyemuuliza.

"Upande wa pili, Lukelo! Mlango wa karibu uko juu!" Atuganile akamfokea kwenye simu.

Lukelo akageuza. Akazungusha, akazungusha, jasho likamtoka, lifti ikafika usawa wa mlango. Sasa ufunguo. Ufunguo bosi kaufungia kwenye droo yake pamoja na sukari, na alishasema atakayeigusa droo ile aage kabisa. Gwamaka akatoweka, akarudi na ufunguo mkononi kabla wenzake hawajamaliza kuulizana. Kwa nini asijue kuifungua droo? Sukari ya bosi ilikuwa ikipungua kila wiki, wakasingiziwa panya.

Mlango ukafunguka. Mama Chengula akatoka kama anatoka saluni. Bosi akatoka kama nguo iliyokamuliwa.

"Kazi ni yangu," akasema Lukelo akishuka. "Maneno hayasogezi lifti. Imesogezwa na mikono hii."

"Mikono hiyo ilikuwa inawapeleka kuzimu," Atuganile akamjibu. "Bila mdomo wangu ungewazika."

Gwamaka akacheka. "Na mngewafikisha mlangoni mkawachungulia kwenye ufa? Aliyefungua ni nani?"

"Kwa ufunguo wa wizi!" bosi akang'aka.

"Basi rudi ndani, bosi, tukutoe kihalali."

Bosi akamgeukia afisa, kicheko cha kukopa usoni. "Umeona, mheshimiwa? Wote wameiva kwa mikono yangu. Mwakani niletee wengine, hata kumi."

Mama Chengula akatoa kalamu na fomu ya ukaguzi, asiandike kitu. "Uliahidi kuajiri mmoja. Nitajie jina lake, ndipo nisaini."

Bosi akamtazama Lukelo. Akamtazama Gwamaka. Akamtazama Atuganile, ambaye midomo ilikuwa ikichezacheza kama anayetaka kumsaidia bosi kutamka.

Haya, wasomi mliojaa hapa, msiniambie wagawane. Kiti ni kimoja. Yupo aliyejua akaogopa kupanda. Yupo aliyepanda bila kujua. Yupo mwizi wa sukari aliyefungua mlango. Je, nani alistahili kuajiriwa?