Kinu Chenye Pengo

Sogeeni, wajukuu, na anayetafuna ameze kwanza.

Mwanashuru alikuwa akijenga na kufungasha programu huria za kompyuta, zile zilizo wazi kwa wote, ofisini kwa Bwana Shekue. Bwana huyo alikitamani kiti cha Mwanashuru ampe mpwa wake mwenyewe.

"Programu ya Kinu haijengeki bila ya Mchi," akamwambia, "na ya Mchi haijengeki bila ya Kinu. Nifungashie zote mbili kabla ya alasiri, au uondoke. Na usiazime iliyojengwa kwingine!"

"Yenye pengo je, bwana?"

"Kufungasha yenye pengo, marufuku. Kujenga, jenga hata mapengo kumi!"

Kabla ya alasiri zikafika zote mbili, nzima.

"Umeziiba wapi?"

"Nilijenga Kinu chenye pengo, nikaacha sehemu inayoutaka Mchi. Kwa hicho nikajenga Mchi, na kwa Mchi nikajenga Kinu kizima. Kile cha pengo nimeshakitupa."

Kiti akabaki nacho Mwanashuru, mpwa akarithi ufagio. Na Bwana Shekue, kwa kusaga meno hata jino likamng'oka, akalirithi pengo.