Utumbo Usiopasuka

Anayeogopa machozi ya mtoto hata akamwachia kisu achezee, siku moja atachana shati lake mwenyewe kupata kitambaa cha kufungia kidonda. Élisée, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Saio mjini Bunia, Kongo, alilielewa hilo akiwa amelala chali.

Élisée alikuwa ameunda mashine ya kujifunzia upasuaji. Tumbo lilionekana kwenye skrini, na mwanafunzi alishika kipini chenye mota ndogo iliyousukuma mkono wake, hata akahisi kama anagusa nyama kweli. Daktari Geneviève, mpasuaji mwenye ulimi mkali kama pilipili, ndiye aliyempimia ulaini wa kila kiungo. "Legeza. Legeza tena. Hapo! Utumbo ya mutu haiko kamba ya mbuzi."

Wanafunzi wa udaktari walipoanza, utumbo ulipasuka kama karatasi iliyonyeshewa. Fanny, hodari wa darasa, aliupasua asubuhi nzima mpaka akabubujikwa na machozi.

"Yaya Élisée, kaka yangu, hii mashini yako iko na roho mubaya! Nitafaulu lini?"

Moyo wa Élisée ukalainika kama fufu ya muhogo iliyo moto. Daktari alipotoka, akabadilisha namba moja tu ya ulaini. Utumbo ukakazika kama mpira wa tairi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeupasua. Vigelegele juu ya vigelegele! Fanny akabandikwa jina la Mkono wa Dhahabu, na Élisée akaletewa samaki wa ziwani kutoka Tchomia kwa shukrani. Aliwala wote.

Mwezi haukuisha, Élisée akafikishwa hospitalini kwa pikipiki, amejikunja kama jongoo.

"Kidole tumbo," alisema Daktari Geneviève. "Tunapasua sasa hivi. Tena uko na bahati: Fanny ndiye atapasua, miye nitasimama karibu. Ku mashini yako hajakosea hata kidogo."

Élisée akalazwa chali mezani. Aliutazama mkono wa Fanny ukiingia kwenye glavu: ulitulia tuli, bila chembe ya hofu. Hofu hiyo aliiondoa yeye.

"Dokta, ngoja! Ule utumbo... niliukaza. Weye uliuacha laini. Fanny alikuwa analia, nikamuhurumia."

"Kumbe nilijifunza kukamata tairi?" Fanny aliuliza.

"Na ya kwangu haiko tairi, dada. Naomba."

Daktari akavaa glavu zake. "Fanny, sogea. Leo utaangalia tu, miye nitapasua." Kisha akamwinamia mgonjwa. "Na weye, ukipona, utarudisha namba yangu. Atalia, na utamuacha alie."

"Alie tu, Dokta," Élisée alijibu, na machozi yake mwenyewe yakamtiririka mpaka masikioni, mbele ya mwanafunzi yule yule ambaye hakutaka kumwona akilia.

Wahenga hawakukosea: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.