Picha ya Kutangulia Jeneza

Hapo zamani, tena si zamani ya babu zenu, maana mtandao ulikuwa umeshafika, alifariki mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu. Kwa desturi ya kwao, jeneza haliondoki nyumbani bila mtoto mmoja kutangulia na picha ya marehemu. Mama huyu hakuwa na picha. Msinicheke. Hebu tafuteni ya mama zenu kwanza.

Ilipatikana moja tu, kwa binti mkubwa, Aikande, nayo ilikuwa picha ya harusi yake mwenyewe. Mama alisimama nyuma kabisa, na shela la bibi harusi limemfunika nusu ya uso. Asubuhi ya maziko wakaipeleka studio. Mpiga picha akatikisa kichwa. "Programu ya kurekebisha hii ni ya kulipia, tena ghali, na yangu imeshafungwa kwa kutolipiwa. Poleni sana."

Elisaria, mtoto wa pili, akasema, "Ipo ya bure. Inafunguka humo humo mtandaoni, huhitaji kuweka kitu kwenye kompyuta."

Akakaa kwenye kompyuta ya duka la stationari. Akaliondoa shela. Chini yake hapakuwa na mama, palikuwa na weupe mtupu. Basi akampiga picha Ndeshi, mdogo wao, aliyefanana na mama kupita kiasi, akachukua nusu ya uso wake, akaiunga na nusu ya mama. Uso ukawa mzima, lakini wa kijana mno. Elisaria akakwama. "Mama alikuwa na mikunjo wapi?" Hakujua. Alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka tisa. Ndeshi akamwelekeza mkunjo mmoja mmoja, huku analia.

Saa nane picha ikawa kwenye fremu. Majirani walipoiona wakaangua kilio: ni yeye! Ndipo ugomvi ulipoanza.

"Nitaibeba mimi," akasema Aikande. "Nimeitunza miaka ishirini. Bila mimi mngekuwa na uso gani?"

"Uliitunza kwa ajili ya gauni lako," akasema Elisaria. "Na nani alimpeleka mama nyuma? Si wewe, dada, uliyeonea aibu kitenge chake? Nitaibeba mimi. Kila mkunjo umepita mkononi mwangu."

"Mikunjo uliyoniuliza mimi," akasema Ndeshi. "Kaka, mama alikuita mara ngapi? Nitaibeba mimi. Nimemuuguza miezi saba, na nusu ya uso huo ni wangu."

Aikande akamgeukia. "Na simu uliyokuwa nayo kitandani pake miezi yote saba, ilikuwa ya nini?"

Ndeshi akasema kweli, na hadi leo inaniuma. Mama alimwomba. Alimwambia, "Mwanangu, nipige picha." Naye akamjibu, "Ukipona, mama."

Wote watatu wakalia. Picha ikabaki mezani, hakuna aliyeigusa. Nje wabebaji walikuwa wameshaliweka jeneza mabegani, mvua imeanza, na mchungaji anauliza mbona hakuna wa kutangulia.

Nilikuwepo, na sikuweza kuwaamua. Haya, ninyi mlionyamaza hapo: je, nani alistahili kuubeba uso wa mama?