Hodi ya Msabaha

"Ukimya hauitikii hodi." Mmeisikia leo kwa bibi yenu mkadhani anawasuta tu. Sivyo. Methali hii ilianza hivi.

Pale Tabora aliishi Maalim Kitenge, mwalimu mstaafu, mgane, mwenye vitabu vingi kuliko marafiki. Chumba chake cha kuandikia kilikuwa uani kabisa. Kila jioni alimkumbuka Msabaha, mdogo wake. Miaka ishirini nyuma waligombana, Msabaha akaondoka akiapa: "Sivuki tena kizingiti chako mpaka uniambie karibu." Neno lenyewe maalim alikuwa nalo mdomoni siku zote, wa kumwambia ndiye hakuwapo.

Vyumba vya mbele alimpangisha Bi Mashavu, muuza vitumbua, na wanawe watano. Eh, jamaa wale! Walitwanga alfajiri, wakapiga madebe mchana, wakagombana kwa zamu. Maalim alivumilia, hata siku moja akanunua kitumbua, akakuta kimefungwa kwa ukurasa wa kitabu alichokuwa akikiandika. Akawahamisha kabla ya juma kwisha.

Nyumba ikatulia tuli. Maalim akaandika apendavyo.

Mwezi wa pili tangu wahame, Bi Mashavu alirudi kuchukua kinu chake. Akaita mlangoni hadi sauti ikamkauka, mwishowe akaingia mwenyewe mpaka uani.

"Shikamoo, maalim. Kumbe upo?"

"Marahaba. Nisiwepo niende wapi?"

"Jana stesheni nimemuuzia kitumbua mzee mmoja, sura yako kabisa. Analia. Anasema kabisha hodi kwa kaka yake mara tatu, kaka kamnyamazia. Hata sijamuuliza anakwenda wapi, treni ikaondoka."

Kalamu ikamponyoka maalim. Hodi tatu zisipojibiwa, mgeni hurudi, ndiyo desturi.

"Sikuisikia, mwanangu. Wallahi sikuisikia."

"Sisi tungeisikia," akasema Bi Mashavu taratibu, akainama kukichukua kinu.

"Kiache hapo hapo," maalim akamwambia. "Rudini."

"Na kelele zetu?"

"Njooni nazo."

"Na karatasi zako?"

"Fungieni vitumbua."

Wakarudi. Maalim naye akahamishia meza yake barazani. Tangu hapo, hodi moja ikapata "karibu!" saba, na ya maalim ndiyo iliyotangulia. Lakini Msabaha hakuja tena. Maalim alimngoja mpaka akafa, na kila aliyemsikia akilalamikia kelele za watu wa nyumbani mwake alimwambia: ukimya hauitikii hodi.