Mpima Damu na Kichwa cha Mkewe

Mtu mmoja alikuwa na darubini, akaiamini kuliko macho ya watu wote. Jina lake Mbwambo, mpima damu wa zahanati moja ya milimani, na kazi yake aliijua. Vijidudu vya malaria havikumponyoka. Akisema vipo, vipo, na mgonjwa akimeza dawa anapona. Watu walimheshimu, na walikuwa na haki.

Mkewe, Nakiete, mama wa binti yao Namkunda, akaanza kuumwa kichwa. Kilimshika upande mmoja akiwa shambani anapalilia tangawizi, hata jembe likamdondoka. Mbwambo akamtoa damu, akampima presha na sukari, akampeleka mpaka mjini akapigwa picha ya kichwa. Kote safi. Basi akamwambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba haumwi. Alipolalamika tena, upole ukapungua. Mawifi wakaanza kunong'ona kuwa mwanamke yule ni mvivu, na Mbwambo, aliyeweza kuwanyamazisha kwa neno moja, akakaa kimya. Nakiete akajifunga kitambaa kichwani, akalima. Miaka saba hakulitaja tena jambo lile, wala mengine mengi ambayo mke humwambia mumewe. Nyumba ikawa na amani ya aina hiyo.

Mwaka wa nane maumivu yakamshika Mbwambo mwenyewe, kiunoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alijifungia katika chumba cha vipimo, akajichoma kidole, akatazama. Hakuna kitu. Akabadilisha kioo, akatazama tena. Hakuna. Akakaa pale amejikunja, na kwa mara ya kwanza jambo likamshinda: darubini haikusema uongo, na yeye alikuwa anaumwa. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Akawaza kwamba labda huko mbele itatengenezwa darubini kali zaidi, ionyeshe hata mshipa wenyewe unaosumbua. Nayo itaonyesha mshipa. Kuuma kutabaki kwa mwenye kiuno.

Akarudi nyumbani akijikongoja, na njia nzima aliogopa, kwa kuwa alijua anachostahili kujibiwa. Akamwambia mkewe kwamba anaumwa, amejipima, na hana cha kumwonyesha.

Nakiete akatua sufuria chini.

"Nakuamini, Baba Namkunda," alisema, akaenda kuchemsha maji ya kumkanda.

Mbwambo akalia, na hakulia kwa ajili ya kiuno.

Sasa ninyi mnaopenda vipimo, nami navipenda, nijibuni: Nakiete alijua kwa kipimo gani, na kwa nini mumewe hakuwa nacho?