Kisanduku cha Jina Moja

Sogeeni, nami niwatwike mzigo wangu. Nimeubeba tangu Jumatatu na mabega yamechoka.

Mimi ni mkutubi wa mji mdogo kando ya reli. Maktaba yetu ina kompyuta moja, na ratiba yake naipanga mimi. Asubuhi hukaa Mwanakombo, msusi mjane, mwenye jicho la kuona maumbo. Mchana huja Lukindo, aliyechambua barua posta miaka thelathini; huyo ni fundi wa majina. Alasiri ni zamu ya Ngusa, mwalimu mstaafu wa darasa la tatu, mwenye subira ya ajabu. Wote watatu wamejifunzia kuandika programu kwenye kompyuta hiyo, lakini hawajawahi kuonana. Ila kila mmoja kwa wakati wake ameniambia kwamba kupikia mtu mmoja ni adhabu.

Yakaja mashindano. Mshindi atapewa nafasi moja, mwaka mzima, katika nyumba ya waandika programu, ambako watu hula pamoja sinia moja. Swali lilikuwa hili: kwa majina ishirini, inajengeka miti mingapi tofauti, mfano wa miti ya ukoo, ikiwa moja kwa moja chini ya kila jina hayakai zaidi ya majina mawili, moja kushoto na jingine kulia?

Mwanakombo akafungua faili kwenye kompyuta ile, ambayo kila mwenye zamu angeiona. Akayaweka majina kando, akachora matawi matupu kama anayegawa nywele. Kwa majina matatu akapata maumbo matano. Akaandika programu ya kuyahesabu hadi ishirini, na chini yake akaacha neno: "Maumbo ninayo. Majina yamenishinda. Aliyepo anisaidie."

Lukindo akajibu: "Sijui nikuamkie au uniamkie, ila nipo." Akaeleza kwa majina yale matatu: jina la kwanza lina nafasi tatu, la pili mbili, la mwisho hukaa palipobaki, njia sita. Tano mara sita, miti thelathini. Programu yake ikaenda vizuri hadi majina kumi na manne. Kwa kumi na matano kompyuta ikatoa idadi hasi. "Jamani," akaandika, "namba imeizidi mashine. Nimekwama."

Ngusa alicheka peke yake, nilimsikia. Akaifundisha mashine kuzidisha kama watoto wake wa darasa la tatu: tarakimu moja moja, andika, beba, songa kushoto. Ilimchukua siku tisa. Jibu likatoka na tarakimu ishirini na tisa. Akaandika: "Tumefika, wenzangu. Hivi nyie ni akina nani?"

Fomu ya mashindano ina kisanduku cha jina moja tu. Nikawauliza mmoja mmoja.

"Bila maumbo yangu wangezidisha nini?" akasema Mwanakombo.

"Bila majina, ingekuwa miti ya nani?" akasema Lukindo.

"Bila mimi si mngepeleka jibu hasi?" akasema Ngusa.

Na kila mmoja, akiwa tayari mlangoni, aligeuka akaniuliza, "Na wale wawili, hawajambo?"

Nililia. Ratiba iliyowatenga niliipanga mimi.

Fomu inafungwa kesho saa sita mchana. Nikiandika jina moja, wawili watafungua faili na kukuta kimya. Nisipoandika, wote watatu wataendelea kula peke yao. Najua mtasema niwakutanishe. Haya, nikiwakutanisha leo, kesho nimng'oe yupi?

Kalamu hii hapa. Wewe uliyekaa hapo ungeandika jina la nani?